Mume wangu anataka tukafuge Kibosho. Majani atakata nani?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Sakina, Arusha, nyumba ya kupanga. Kazi yangu ni ushonaji. Nina kibanda chenye vyerehani viwili na binti mmoja wa kunisaidia. Mume wangu ni dereva wa watalii. Yeye kwao ni Kibosho, Kilimanjaro, mimi kwetu ni Singida. Huu ni mwaka wa 13 wa ndoa yetu. Mume wangu si mlevi, si mhuni, wala hajawahi kuninyima hela ya matumizi. Naanza na hilo kwa sababu kwenye safu hii naona waume wanavyosagwa, na wangu sitaki asagwe.

Shida yetu ilianza kama baraka. Mwaka 2020 korona ilipoingia, watalii walikatika ghafla kama umeme. Gari likaegeshwa, mshahara ukasimama. Miezi ile yote aliyetulisha ni mama mkwe. Kila baada ya wiki mbili alikuwa anatuma kwenye Coaster mkungu wa ndizi mshare, maharage, maparachichi na kidumu cha maziwa mgando. Tulikula mtori mpaka watoto wakauchoka. Mume wangu hajasahau. Tangu hapo wimbo wake ni mmoja: kazi ya kuajiriwa ni ya mtu, kihamba, yaani shamba la ukoo, ni chako.

Shangazi, hata mimi nataka. Nimekulia kwenye ng'ombe. Baba alikuwa na zizi, na sisi watoto ndio tulikuwa tunachunga. Nataka wanangu wajue maziwa hayatoki dukani. Kinachonitisha ni namna anavyotaka kuanza.

Ana daftari. Ameandika kwamba kwa akiba yetu, milioni 8, Januari ananunua mitamba wawili wenye mimba kutoka kwa mtu wa upande wa Hai, milioni 2.6 kila mmoja. Tena vifaranga chotara 300, nguruwe majike wawili na dume, sungura, na kitalu nyumba cha nyanya. Hela haitoshi, kwa hiyo anataka nikope milioni 2 kwenye kikoba chetu kwa jina langu. Hesabu yake ya maziwa ni hii: kila ng'ombe lita 20 kwa siku, wawili ni lita 40, mara shilingi 1,000, mara siku 30, ni milioni moja na laki mbili kwa mwezi. Anasema ikifika hapo anaacha kuendesha watalii, na mimi nafunga kibanda, tunahama wote.

Kihamba chenyewe ni ekari moja na robo. Mama mkwe ana miaka 71, anaishi peke yake tangu baba mkwe afariki mwaka 2016. Ana ng'ombe mmoja chotara, mbuzi wawili, migomba, na kahawa za zamani ambazo hazizai tena vizuri. Mume wangu ni wa pili kati ya wanne. Kitinda mimba yuko Dar es Salaam, na kila mtu anajua kwamba nyumba ya mama na sehemu ya katikati ni yake. Masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, yapo, karatasi hakuna.

Tulipokwenda mwezi uliopita mume wangu alimwonyesha mama video za mabanda ya Kenya kwenye simu. Mama akaangalia mpaka mwisho, akarudisha simu, akasema, "Ng'ombe halishwi simu." Kisha akachukua panga lake akaenda kukata majani. Mume wangu alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu niliona mwenyewe anavyopanda lile korongo na mzigo kichwani, nikajiuliza: baada yake nani?

Rafiki yangu mmoja anasema tuachane na mambo ya ukweni, tununue ekari mbili huko mbele ya Kisongo, tuwe na cha kwetu. Wewe unaonaje? Nimkatalie? Nikope? Nihame? Mtoto wangu wa kwanza yuko darasa la sita.

Fundi cherehani, Sakina

*

Marahaba mwanangu. Au niseme mkwe wetu, maana mlima umekuoa.

Mumeo hasagwi leo. Mwanaume anayekumbuka aliyemlisha wakati wa njaa, akataka na wanawe walishwe hivyohivyo, huyo mimi namwekea kiti. Kosa lake ni dogo lakini lina gharama kubwa: ameona mkungu ulioshuka kwenye Coaster, hajaona uliotokea wapi. Kilichowalisha mwaka 2020 hakikuwa mradi. Kilikuwa ni mama yake, na mpangilio ambao watu wa mlimani wameutengeneza kwa vizazi vingi.

Nikueleze wewe uliyekulia Singida, kwa sababu kwenu ng'ombe huyafuata majani na kwetu majani humfuata ng'ombe. Kihambani ardhi ni finyu, hakuna pa kuchungia. Ng'ombe anakaa bandani maisha yake yote. Anakula majani yanayokatwa, anakula maganda ya ndizi, anakula mgomba uliokatwakatwa baada ya mkungu kuvunwa. Samadi yake inarudi kwenye shina la mgomba na la kahawa. Mgomba unaipa kahawa kivuli, juu yake kuna mruka na miti mingine ya mbao, chini kuna magimbi na maharage, na maji yanaletwa na mfongo, yaani mfereji wa asili, kwa zamu. Ukitoa kitu kimoja, kingine kinalegea. Mwaka 2011 shirika la FAO liliuingiza mfumo huu wa kihamba, kwa mfano wa Shimbwe Juu huko Uru, kwenye orodha yake ya urithi wa kilimo duniani. Wazungu wanapanda ndege kuja kuuona. Mumeo amezaliwa ndani yake na anaangalia video za Kenya.

Sasa twende kwenye daftari lake, tuanzie na ukurasa ambao hakuuandika.

Ng'ombe wa maziwa mwenye kilo 400 anahitaji kama kilo 40 za majani mabichi kwa siku, na akikamuliwa anataka zaidi. Wawili ni kilo 80 hadi 100. Mzigo ambao mwanamke anaubeba kichwani bila kujiumiza ni kilo 25 hivi. Kwa hiyo ni mizigo minne kwa siku. Jumapili ni minne. Siku ya msiba ni minne. Siku mtoto anaumwa na umelala naye hospitali, ni minne. Na huyo ng'ombe wa mama bado sijamhesabu.

Mumeo atasema migomba ipo. Ipo, lakini shina la mgomba karibu lote ni maji. Linamsaidia ng'ombe wakati wa kiangazi kama uji unavyomsaidia mgonjwa, lakini kwa shina tupu hawezi kutoa maziwa. Ekari moja na robo, ambayo tayari ina nyumba, migomba, kahawa na makaburi, haiwezi kulisha ng'ombe watatu. Mengine yatatoka tambarare, ama kwa kichwa, ama kwa kukodi pikapu. Na tangu zamani, huko kwetu kahawa ilihesabiwa kuwa mali ya mwanaume, ndizi na majani ya ng'ombe vikawa kazi ya mwanamke. Hakuna aliyeliandika hilo kwenye daftari kwa sababu halikuhitaji kuandikwa. Wewe umeliona pale korongoni na umeliuliza kwa usahihi. Mpelekee mumeo swali hilohilo, kwa maneno hayohayo, wakati ameshiba.

Halafu tazama mwezi aliouchagua. Januari! Januari na Februari ndiyo miezi ya jua kali, majani yamekauka mpaka kwenye kingo za mifongo, na marobota ya majani makavu na mabua ya mpunga ya Moshi Chini yanapanda bei kwa sababu kila mtu anayatafuta. Wenye ng'ombe wengi huuza wakati huo kwa sababu wanashindwa kulisha. Huyo mtu wa Hai simjui na simsingizii, lakini mumeo amuulize kwa nini mtamba mwenye mimba anauzwa Januari.

Hesabu ya lita 20 nayo. Wapo ng'ombe wanaotoa lita 20, nimewaona, na nimeona wanavyolishwa: pumba, mashudu ya alizeti, chumvichumvi, maji lita 60 na kuendelea kila siku. Ng'ombe wengi wa vihambani ninaowafahamu, ukigawanya maziwa ya mwaka mzima kwa siku zake, hawafiki lita 10. Maana maziwa hayatoki mwaka mzima sawasawa. Yanapanda wiki za kwanza baada ya kuzaa, yanashuka polepole, na miezi miwili kabla hajazaa tena unamkausha, hutoi hata kikombe. Ndama naye anakunywa. Nyinyi nanyi mtakunywa, si ndiyo sababu mnahamia? Na mimba yenyewe haiji kwa kuitamani. Ng'ombe anakuja kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, na joto lenyewe halimalizi siku mbili. Ukimwona asubuhi, umpandishe jioni. Ukimwona jioni, umpandishe kesho asubuhi. Ukipitiwa, umemlisha wiki tatu bure. Mbegu bora zipo, kituo cha taifa cha uhimilishaji kiko hapohapo Usa River, lakini anayetakiwa kuona kwamba ng'ombe analia na kupanda wenzake ni mtu anayeshinda nyumbani. Dereva aliyeko Serengeti na wageni siku sita hawezi kuliona.

Nitakwambia langu. Mimi nami nilinunua mtamba mrembo, miaka mingi iliyopita, mweusi mwenye baka jeupe usoni, kwa hela ya kiinua mgongo. Aliyeniuzia aliapa kwamba hajawahi kuugua. Kweli hakuwahi, na hiyo ndiyo ilikuwa shida: alikuwa amelelewa juu ambako kupe ni wachache, mwili wake haukuijua ndigana, homa inayoletwa na kupe. Mimi nikaagiza majani kutoka tambarare, mahali panapopita mifugo ya watu, na kupe wakaja ndani ya mzigo. Baada ya wiki mbili hivi akaacha kula, mwili wa moto, mitoki ya chini ya masikio imevimba kama ndimu. Nilipomwita daktari wa mifugo ng'ombe alikuwa ameshaanza kuhema kwa shida na povu puani. Nilimzika kwenye kona ya kahawa. Ndigana kali ina chanjo, inachomwa mara moja pamoja na dawa ya kuzuia ugonjwa usimwangushe, na wafugaji wa Kimasai huku kaskazini wanaijua vizuri kuliko sisi wa mabandani. Kwa hiyo ng'ombe wenu, siku mkimpata, asivuke lango kabla hamjaona amechanjwa, na kunyunyizia dawa ya kupe msiache kwa kudhani kwamba wa ndani hapati kupe. Na msimtafute mnadani Meserani kwa ajili ya bei. Kule ng'ombe wengi wanakwenda kuwa nyama. Nunueni kwa jirani ambaye mmemwona akimkamua mama yake.

Ardhi. Hapa nitakaa kidogo, vumilia.

Kwa desturi ya Uchagani kitinda mimba ndiye anayebaki na mji wa baba na mama. Ndugu wa Dar hajasema neno kwa sababu hakuna kilichojengwa. Siku banda la matofali la milioni mbili likisimama katikati ya kihamba, simu itapigwa, na itapigwa kwa mama, si kwenu. Nimeona ndugu waliokula sahani moja wakipelekana baraza la ardhi kwa sababu ya mita tatu za banda la nguruwe. Kabla ya tofali la kwanza kuwe na kikao: mama, watoto wote wanne, mabinti wakiwemo, maana Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamtambua mwanamke sawa na mwanaume, hata kama wajomba watakunja uso. Muandike mumeo anatumia sehemu ipi, kuanzia sale lipi mpaka sale lipi, kwa muda gani, na banda litakuwa la nani siku mkiondoka. Wote watie sahihi, mwenyekiti wa kitongoji awepo. Jina lako nalo liwemo. Wewe ndiye utakayekuwa na panga mkononi, usikubali kuwa mgeni kwenye karatasi.

Vikao vyetu huwa Desemba, kila mtu anapokuja kula Krismasi. Lakini madereva wa watalii ndio Wachaga pekee wasioonekana nyumbani Desemba, wako porini na wageni. Basi fanyeni Pasaka. Na Pasaka ina faida nyingine nitakayoifikia sasa hivi.

Kuhusu kukopa kikoba kwa jina lako: hapana. Hilo halina maelezo marefu. Hela ya kikoba inarudi kila mwezi, ng'ombe mwenye mimba hana ratiba hiyo. Vyerehani vyako ndiyo mvua pekee ya nyumba hiyo isiyotegemea mbingu, wala Serengeti. Usivifunge. Mkihamia siku moja, navyo vinahamia. Kibosho watu wanavaa nguo, wana sare za shule, wana komunio kila mwaka.

Nguruwe watoe kwenye daftari kwa sasa. Napenda kitimoto kama Mchaga mwingine yeyote, lakini homa ya nguruwe hapa kwetu haina chanjo wala tiba. Ikiingia kijijini inafuta banda zima kwa wiki moja, kisha serikali inazuia kusafirisha na kuchinja, hata aliyepona hauziki. Si mahali pa kuweka akiba ya kwanza. Sungura, sijui, watoto watawapenda. Kitalu nyumba kisubiri. Nyanya zina wadudu wake, na bei yake sokoni inaweza kumfanya mtu mzima alie. Kama ni mboga, pandeni mnavu, mchicha, sukuma na ngogwe jirani na maji, ni za kula, zikizidi mama atauza njiani.

Kuku nawakubali, ila si 300. Vifaranga 300 ni kazi ya mtu mzima kwa wiki sita: joto usiku kucha, chanjo ya kideri, ya gumboro, baadaye ya ndui, na chakula cha dukani ambacho bei yake haimwonei mtu huruma. Anzeni na matetea 10 wa kienyeji na majogoo wawili, wa palepale kijijini. Tetea akilalia mayai 12, siku ya 21 unapata vifaranga bila kununua mashine wala mkaa. Kinachoua kuku wa mlimani ni kideri, na chanjo ya I-2 ni tone moja kwenye jicho kila baada ya miezi mitatu. Kinunueni kichupa pamoja na majirani, maana kinatosha kuku wengi, na kuku wa jirani akiugua wako hayuko salama. Mwanao wa darasa la sita anaweza kuidondosha hiyo dawa, na itamfundisha kuliko video.

Huko Kisongo nako. Rafiki yako ana hoja moja nzuri, kuwa na chenu. Nyingine hana. Ni upande mkavu, upepo unachukua hata udongo, na bila kisima mtafuga vumbi. Na kisima chenyewe, eneo lote hili linalouzunguka Mlima Meru maji yake mengi ya chini yana floridi. Mmeishi Arusha, mmeona meno ya kahawia. Ikizidi kwa miaka, inakwenda mpaka kwenye mifupa. Kuchemsha hakuiondoi, kunaiongeza tu maana maji yanapungua yenyewe inabaki. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kama siku moja mtanunua upande huo, chukueni maji mkayapime maabara kabla ya kumpa mtu hela, msiridhike na "maji yapo".

Sasa Pasaka. Mume wako ana kitu ambacho wafugaji wengi wa kuanza hawana, na nadhani hajakigundua. Aprili na Mei watalii hupungua, magari yanaegeshwa, madereva wanacheza bao. Aprili na Mei ndiyo masika. Kazi yake inalala wakati shamba linaamka! Hana haja ya kuacha kazi. Mwaka huu unaokuja, baada ya kikao, atumie wiki hizo Kibosho. Apande majani ya tembo na Guatemala kwenye matuta ya kontua, kwenye kingo za mfongo na mpakani, bila kung'oa mgomba hata mmoja. Achanganye na mmea wa desmodiamu chini yake na miti ya kaliandra kwenye ua, hizo ndizo zinampa ng'ombe nguvu ya maziwa. Akarabati banda la mama: sakafu isiyotuamisha mkojo, hori, paa linalovuna maji. Ang'oe kahawa chache zilizochoka na apande miche inayostahimili ugonjwa wa chulebuni, ya taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, pale Lyamungo, si mbali na kwao; haitazaa kabla ya miaka mitatu hivi, ndiyo maana inaanza sasa. Yote haya hayafiki hata robo ya milioni 8.

Majani ya tembo yatakuwa tayari kukatwa baada ya miezi mitatu au minne. Mkishayakata mara mbili na yakachipua tena, na ng'ombe wa mama akiwa ameshiba kwa hayo pasipo kuteremka korongoni, ndipo mtajua kama kihamba kinaweza kubeba mtamba mmoja. Mmoja. Wa pili atazaliwa humo ndani, Mungu akipenda awe jike.

Wewe na watoto msihame mwaka huu wala wakati mtoto yuko darasa la saba. Amalize mtihani wake Septemba ya mwaka huo, kisha mtazame upya. Nendeni likizo, nendeni mwisho wa wiki, kutoka Arusha hadi Moshi ni kilomita 80 tu.

Limebaki la mama mkwe. Aliposema ng'ombe halishwi simu hakuwa anakejeli. Alikuwa anamwambia mwanawe, kwa heshima ya mtu mzima, kwamba kuna shule hapo uani na hakuna anayejiandikisha. Anajua mfongo unakuja siku gani na unaibiwa na nani, ndizi ipi inavumilia kiangazi, ng'ombe anakataa kula kwa sababu ya ugonjwa au kwa sababu ya deko. Ana miaka 71. Mwende mkakae naye, na msiende na daftari.

Na kabla ya senti moja kutoka benki, mpe mumeo jaribio hili. Masika, watalii wakiwa hawapo, alale Kibosho siku 14 mfululizo. Mama apumzike, wewe ubaki Sakina na cherehani zako. Majani ya ng'ombe mmoja na mbuzi wawili, maji, kusafisha banda, kukamua saa kumi na moja alfajiri, yote yeye. Asikodi kijana. Mnunulie panga zuri kabisa pale soko la Kilombero, na la mama uliache kwenye ala yake. Siku ya 15 mkutane mezani, afungue daftari lake, na umwachie yeye aanze kusema.

Nisalimie watoto. Nikiwa Moshi nitapita Kibosho kuonja huo mtori.

Shangazi